Fundi Anayetakiwa Kumfuta Mkewe Ukutani

Hili hutaliamini. Hata mimi nisingeliamini kama nisingemwona mzee mzima juu ya ngazi, brashi kavu mkononi, amesimama mbele ya ukuta dakika arobaini. Hachori. Hafuti. Hashuki.

Ni saa moja asubuhi. Ukumbi wa kanisa unanuka rangi. Mabenchi yamesukumwa pembeni, magazeti yametandazwa sakafuni, na ukutani wamejipanga watu saba, wakubwa kuliko binadamu wa kawaida: waasisi wa imani ya hapa. Kuna aliyetafsiri Injili kwa mara ya kwanza. Kuna muuguzi aliyebaki na wagonjwa wa ndui wakati wenzake wote wamekimbia. Wa nne ni ajuza mwenye mvi, ameshika kitabu. Huyo wanamwita Bibi Mwalimu.

Fundi, miaka 61, ndiye aliyewachora wote, miaka ishirini na miwili iliyopita. Kazi yake hasa ni mabango.

"Nimeandika 'Usikojoe Hapa' kwenye kuta nyingi kuliko vyeti vya hao wa kamati ya kanisa wanaonisomea risala," anasema, halafu anacheka peke yake.

Kicheko kinakatika haraka. Maana huyo Bibi Mwalimu wa ukutani siye Bibi Mwalimu. Ni mke wake.

Sikia ilivyokuwa. Bibi Mwalimu wa kweli alitekwa akiwa na miaka minane, akauzwa mara mbili, na kila aliyemnunua akampa jina jipya. Alipokombolewa akapelekwa misheni, nako akapewa jina la tatu. Enzi zile mwanamke hakushika chaki. Yeye akaomba afundishe kushona tu. Wakubwa wakakubali. Kumbe anadarizi herufi kwenye vitambaa! Wanawake walikwenda kushona, wakarudi nyumbani wanasoma.

Lakini kwenye ripoti za misheni aliandikwa "msaidizi wa kike", basi. Hakuna aliyejua sura yake.

"Kamati ikaniambia, fundi, chora tu bibi yeyote mwenye heshima," anasema. "Sasa mimi sura siitoi kichwani. Mchora mabango anakopi. Nikaenda nyumbani nikachukua picha ya marehemu."

Mkewe alifariki kwa homa ya siku tatu, ana miaka 26, kaacha mtoto wa miezi minne. Picha yake ilikuwa moja tu. Fundi akaipiga miraba kwa kalamu, kama mafundi wanavyofanya ili sura ndogo ikue bila kupinda, akaibandika kwenye ngazi. Akamchora mraba kwa mraba. Akamwongezea mvi na makunyanzi asitambulike.

"Nilimzeesha. Nikasema angalau hapa azeeke."

Siku ya mwisho kopo la thina, ile dawa ya kulainishia rangi, likapinduka juu ya picha. Alipoinyanyua, sura ilikuwa imeyeyuka. Imebaki miraba.

Tangu hapo ukuta ndio albamu ya familia. Binti yake, ambaye sasa ni msusi wa miaka 24, alikuwa kila Jumapili anausogelea na kusema, "Shikamoo, mama." Wenzake wakamtania mpaka akakoma: "Huyo anaamkia rangi!"

Mwezi uliopita ikapatikana picha ya Bibi Mwalimu wa kweli, ndani ya sanduku la barua zake za zamani. Kichwa na mabega. Macho yanakutazama moja kwa moja. Na nyuma, kwa mwandiko wake mwenyewe, maneno mawili: *Ndiye mimi.*

Katibu wa kanisa anaingia na nakala yake, ana furaha tele.

"Fundi, umeiona? Ipige miraba kama ulivyozoea. Ijumaa iwe imekauka, Jumapili tunazindua."

"Katibu, nisimchore pembeni? Nafasi ipo."

"Mabibi Mwalimu wawili? Wageni wakiuliza huyu mwingine nani, niseme nini?"

Fundi hajawahi kumwambia mtu, isipokuwa binti yake. Mimi ameniruhusu niandike, mradi nisiweke jina.

"Niseme nilimpandisha mke wangu kati ya watakatifu?" anashuka ngazi na kuninong'oneza, katibu akiwa ameshatoka. "Halafu yule bibi, jamani. Aliporwa jina mara tatu. Sura nayo nimempora mimi, miaka ishirini na miwili. Mwenyewe kaandika ndiye yeye. Nimbishie?"

Binti anafika mbio, mikono bado ina mafuta ya nywele. Anatoa simu, anapiga picha ukuta, anaikuza, anampa baba yake. Fundi anaitazama kidogo, anamrudishia.

"Hiyo ni picha ya ukuta, mama."

"Sasa tufanye nini, baba?"

"Nikifumba macho simwoni tena akiwa kijana. Namwona hivi, na mvi nilizompaka mwenyewe. Nikimfuta hapa, nafuta na huku." Anajigonga kichwa kwa mpini wa brashi.

Mpango anao, mdogo tu. Ile picha mpya haina mikono. Kwa hiyo mkono ulioshika kitabu hataugusa. Una kidole cha mwisho kilichopinda, kilibanwa na mlango wiki moja kabla ya harusi.

"Mkono ule sikuukopi popote. Ule naujua. Utabaki na kitabu chake, hakuna atakayeuliza."

Binti anapanda ngazi mpaka ukingo wa ule mkono. Anaweka kiganja chake juu yake. Chake ni kidogo, lakini vidole vina umbo lile lile.

"Kwa hiyo mama yangu ni mkono tu?"

"Shuka, mama. Rangi inakauka kwenye kopo."

Anashuka. Fundi anapanda, anachovya brashi kwenye rangi nyeupe, anaiinua mpaka usoni kwa mkewe, anaishikilia hapo. Tone linadondoka kwenye gazeti. La pili. Kutoka nje katibu anauliza kama ameshaanza.

"Naanza," anajibu.

Wewe unayesoma, brashi ingekuwa mkononi mwako, ungefanyaje? Ungeanza na jicho lipi?