Njegere Sikioni mwa Fidencio

Supu ya maharage ilikuwa imepashwa moto mara tatu, na Fidencio Barragán alikuwa bado hajarudi. Mkewe, Eufrasia, aliketi jikoni akisikiliza hatua za kila aliyepita uani. Za fundi viatu alizijua, zilikuwa nzito upande wa kushoto. Za Chole wa chumba cha jirani zilikuwa za kuburuta kandambili, na hizo ndizo zilizosimama mlangoni.

"Shoga, mbona taa inawaka? Hujalala?"

"Namngoja mzee. Ameitwa studio tangu saa kumi na moja, na sasa ni saa tano."

"Basi nidokeze nikalale kwa amani. Yule mpwa wa jaji, kafa au hajafa?"

"Hajafa. Kaenda Guadalajara."

"Guadalajara! Na mimi nimeshaanza kumwombea!"

"Hata mume wangu alimlilia, shoga. Ndiyo balaa lenyewe hilo."

Chole akaenda kulala bila kuelewa, na Eufrasia akabaki na balaa lake.

Fidencio alianza kazi katika mahema ya maigizo, enzi mahema yalipojaa kila kiwanja kitupu cha jiji la Mexico. Alikuwa na miaka kumi na sita. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimama nje na kuwaita watazamaji mara tatu kabla ya pazia kufunguliwa: wito wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku moja mchekeshaji aliumwa jino, Fidencio akasukumwa jukwaani aigize mlevi, akaanguka vizuri sana hata wakamwangusha kila usiku kwa miaka minne. Mahema yalipokunjwa akaenda kwenye filamu za farasi na bastola. Humo alikufa mara kumi na tisa, na katika filamu moja alikufa mara mbili, mara ya pili akiwa na masharubu. Baruti ya bastola ya uongo iliyolipuliwa karibu na kichwa chake ndiyo iliyoua sikio lake la kulia. Baada ya hapo akawa sauti ya dubu katika katuni, kisha padri katika tangazo la sabuni, na mwishowe jaji katika tamthilia ya televisheni. Ujaji huo ulikuwa umefikisha miaka sita.

Studio hapo waigizaji hawakukariri. Kila mmoja alitiwa sikioni kidude walichokiita njegere, na mwanamke aliyekaa chumba cha nyuma akawanong'onezea maneno, nao wakayasema. Fidencio angeitia njegere katika sikio zima, asingewasikia wenzake. Kwa hiyo aliitia katika lile lililokufa, akaivaa kama mtu avaavyo tai, na hakumwambia mtu. Maneno aliyapata nyumbani. Kila jioni Eufrasia alifunua karatasi mezani akamsomea, maana Fidencio hakujua kusoma.

Eufrasia aliishia darasa la tatu. Alisoma kwa kidole, na neno refu lilimkwamisha. Fidencio alikariri kama alivyosomewa, pamoja na kule kukwama. Basi jaji akawa mtu wa kunyamaza kidogo katikati ya maneno mazito, na gazeti moja likaandika kwamba nchini hapakuwa na mwigizaji aliyejua kunyamaza kama yeye. Eufrasia alikikata kipande hicho akakibandika ndani ya kabati. Kila alipokisoma, alikwama palepale kwenye neno la kusifu.

Jana mambo yakaharibika. Kijana aliyeigiza mpwa alikuwa aachishwe, kwa hiyo katika karatasi aliyosomewa Fidencio mpwa alikufa. Asubuhi wakapatana abaki. Njegere ikanong'ona, "Mpwa wangu amesafiri, atarudi kiangazi." Fidencio akapiga magoti akamlilia marehemu, akalia hata mpiga picha akafuta macho, kabla ya kukumbuka kwamba hakuna aliyekufa. Mkubwa wa studio akamwambia aje kesho jioni waongee.

"Wakinifukuza," alisema leo akitoka, "kesho navaa aproni ya kaka yako."

Kaka yake Eufrasia alikuwa na duka la misumari, na nafasi kaunta. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Akilini alimwona Fidencio akipima misumari, hakuna wa kucheka wala kulia mbele yake, akififia siku hadi siku.

Palikuwa na njia nyingine moja. Wiki ya Pasaka, Macario, mwenzake wa zamani wa mahemani, alikuja kumwomba aingie katika mchezo wake wa jukwaani.

"Kwangu msomaji anakaa kwenye shimo mbele ya jukwaa," alimwambia. "Unamwona midomo. Sikio la nini, ndugu yangu?"

"Studio nikikosea tunarudia. Jukwaani nikikosea nimekosea. Nimeshakuwa mwoga, Macario."

Na Macario akaondoka.

Saa sita kasoro, hatua zikaingia uani. Eufrasia alizijua. Akasimama, mkono kwenye meza, akingoja ufunguo. Ufunguo haukuingia. Badala yake, nje ya mlango, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu enzi za mahema ikapaa.

"Wito wa kwanza!"

"Watu tumelala!" Chole akafoka kutoka ndani kwake.

"Wito wa pili!"

Studio hawaiti watu. Studio huwasha taa nyekundu tu; wito ni wa jukwaani. Eufrasia akakoroga supu mara moja, akajifuta mikono kwenye kanga ya jikoni, akaenda mlangoni.

"Wito wa tatu! Tunaanza!"

Akafungua.