Shahidi wa Pili

Mwaka ule wa korona, Honorine alijifunza kwamba harusi ni watu watano: bwana, bibi, mfungishaji na mashahidi wawili. Mama mzazi hakutajwa. Serikali haikumnyima kwa ubaya. Haikujua tu kama yupo.

Siku za kazi aliwaosha na kuwalisha wazee wa watu kule kitongoji cha Liverpool, huku akinusa mikono yake kana kwamba virusi vina harufu. Jumapili alikaa jikoni kwake Rooty Hill, simu mbele yake, akimsikiliza Pasta Juvénal akihubiri kutoka sebuleni kwake mwenyewe.

Jumapili hiyo Pasta alimshukia kuhani mkuu wa Wayahudi. "Warumi walimweka, Warumi walimtoa! Hata vazi lake takatifu walilifungia ngomeni, wakampa siku ya sikukuu, kisha akalirudisha. Kuhani gani huyo, wapendwa, anayeazimwa nguo zake na askari?"

Ameni zikamiminika. Honorine naye akaandika yake.

Baada ya ibada akampigia kuhusu ndoa ya bintiye, Gloire. Pasta akamweleza, kwa upole mwingi, kwamba yeye hufungisha ndoa kwa kibali cha serikali, hivyo watano ni watano.

"Na mashahidi, Pasta?"

"Mama Pasta na shemasi Méthode. Shahidi sharti awe mtu aliyekomaa kiroho."

"Hilo nalo limesemwa na serikali?"

"Hilo ni la kanisa, Mama Gloire. Wewe utaangalia kwenye simu. Baraka ni ileile."

"Kumbe! Kwa Warumi unapiga magoti, halafu unainuka kusimama juu ya kichwa changu?"

Honorine akaogopa mdomo wake mwenyewe. Gloire, aliyekuwa amesikia yote, akamnyang'anya simu na kusema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba mama asipokuwemo, yeye na mchumba wake Balagizi watafungishwa na mtu wa serikali, basi.

Roho alifanya kazi upesi siku ile. Kabla ya jioni Pasta alikuwa ameoneshwa katika maombi kwamba shemasi Méthode ana kikohozi. Méthode mwenyewe hakuwa na habari.

Jumamosi, uani, Honorine alisimama karibu na mwanawe, barakoa ikiwa imelowa machozi. Pasta akamsogezea kalamu.

"Ukumbuke, Mama Gloire, cheo hiki ni cha leo tu."

"Inanitosha, Pasta. Binti ninaye mmoja."

Akainama, akatia sahihi kwa nguvu hadi meza ikatikisika.