Dumu Nililoliweka Chini

Naikumbuka siku ile kwa harufu ya petroli, mwanangu, na mpaka leo nikipita kituo cha mafuta pale Kacyiru huziba pua. Cheka tu. Mama yako, dada yangu, naye huwa anacheka. Lakini jana alinipigia simu toka dukani kwake Gisimenti akilia: "Kaka, mtoto amerudi likizo toka vitani, hali, hasemi. Namleta kwako Kagugu, ongea naye." Basi umekaa hapa tangu asubuhi unaitazama hiyo glasi ya maziwa, nami nakutazama wewe. Naogopa, sikufichi. Ulichoniambia, kwamba huvitaki tena vita hivi na kesho kutwa unatakiwa kurudi, mimi nilikisema kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na umri wako. Tulivuka mpaka tukiimba, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Vita vile sitavitaja jina. Mwanzoni tulichukua mbuzi wa watu. Nilikula, nikalamba na vidole. Kisha tukang'oa milango ya watu tupate kuni. Hapo nilinyamaza, nikajiambia, aa, ni mlango tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walishasema, na mimi ufa niliuona nikaupa mgongo.

Kwenye kilima tulichokaa palikuwa na mukecuru mmoja, bibi kizee mwenye ng'ombe mmoja. Kila nikipita doria aliniita, akaleta kibuyu cha maziwa, akaonja yeye kwanza, kisha akanipa. Unajua maana yake, hata huku kwetu ni hivyo hivyo: aliyeonja mbele yako amekuapia kwamba hatakuua. Nami nilipokea kwa mikono miwili kama mama yangu alivyonifundisha, bunduki ikining'inia mgongoni. Nilikunywa kiapo chake bila kumpa changu.

Asubuhi moja ikaja amri. Watu wa kilima hiki wamemlaza adui, nyumba zote zichomwe. Kila mmoja akapewa dumu la petroli na nyumba yake ya kuchoma, na mimi, we acha tu, nikapewa ile ya bibi. Njia nzima nilitembea kwa hofu. Si kwa ajili yake, usinifanye malaika. Nilimwogopa afande wetu, aliyekuwa akinifuata nyuma. Tulikuwa tumeona alivyomfanya askari aliyebisha, na huyo askari hatukumwona tena.

Bibi akatoka mlangoni. Akalitazama dumu, akanitazama mimi, akarudi ndani. Nikasema moyoni, kimbia mama, pita nyuma. Wapi! Akarudi na kibuyu. Akaonja. Akaninyooshea.

"Kunywa kwanza, mwanangu," akasema. "Halafu ufanye walichokutuma."

Yesu wangu! Maziwa hayapokelewi kwa mkono mmoja. Nikaliweka dumu chini.

"Wewe!" afande akafoka. "Okota hilo dumu!"

"Afande, siliokoti."

Ni maneno mawili tu, na suruali yangu ililowa nilipokuwa nikiyasema. Walinipiga kwa vitako vya bunduki, wakanifunga kamba, na katika vurugu ile bibi akamfungua ng'ombe wake akashuka naye bondeni. Nyumba aliichoma mwingine. Vita sikuvizuia, wala nyumba sikuiokoa. Mimi nilifungiwa stoo, na kila kiatu kilichopita nje nilidhani kimekuja kunichukua. Mwishowe walinivua sare wakanirudisha nyumbani. Majirani walivuka barabara wakiniona, na msichana niliyemchumbia akasema haolewi na mwoga. Mpaka leo pikipiki ikisimama pale getini moyo unanilipuka, ingawa huwa ni mama yako tu ameshuka na mboga.

Lakini usiku nalala, mwanangu. Mmoja wa wenzangu waliochoma anakaa hapa hapa mjini, ana nyumba nzuri na watoto wasomi. Mkewe akitaka kuwasha jiko, yeye hutoka nje kabisa, husimama barabarani mpaka moshi uishe.

Basi sikia. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, waache wacheke. Usitoroke, maana mtoro hukimbia hata akiwa amekaa. Nenda kasimame mbele ya mkubwa wako mchana kweupe, useme kwa kinywa chako kwamba hutaendelea. Watakufanya nini, sijui. Ila sema mapema, wakati bado ni mbuzi, usingoje iwe nyumba ya mtu. Mimi nilingoja, na ilibaki kidogo sana nichome. Uoga hautakutoka, usiungoje utoke. Uogope mkono wako mwenyewe kuliko unavyomwogopa afande.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe maneno machache na magoti ya kuyasimamia. Akurudishe kwa mama yako, ukiwa na sare au bila sare, lakini uwe na usingizi wako.

Sasa lete hiyo glasi, nionje kwanza. Haya, pokea. Kwa mikono miwili.