Mkanda Uliopashwa Joto

Muuguzi wa watoto hafungi mkanda wa presha kabla hajausugua viganjani upate joto. Mama wa binti mmoja humtazama kila kliniki: vidole vifupi, kucha zilizokatwa hadi nyamani, sauti ya mtu anayebembeleza kichanga. "Hauumi huu, bibie. Unakukumbatia tu," humwambia mtoto, na mkanda ukivimba humtazama usoni, si kwenye mashine.

Leo alipima, akapima tena. Presha ilikuwa imepanda zaidi. Mama akajitetea: "Nimemkalisha ndani kama yai, dada. Tangu mliposema ana presha, hata kamba haruki. Akikimbia, moyo si utapasuka?" Muuguzi hakugomba. Aliukunja mkanda polepole, akaukunjua, akaukunja tena. "Moyo wa mtoto unataka kucheza, mama. Kukaa ndiko kunakouchosha." "Acheze wapi? Nje kwetu ni mitaro na vigae vya chupa." Muuguzi akavua viatu, akasukuma mabenchi ya wagonjwa ukutani. "Haya bibie, nifukuze! Ukinishika, nesi ni wewe." Mzee mmoja akainua miguu wapite. Binti alikimbia kwa woga, halafu kwa kicheko, akihema. Mama akanyoosha mkono amzuie. Muuguzi akasimama, akaudaka ule mkono, akaanza kuusugua katikati ya viganja vyake. "Nimekushika!" binti akapiga kelele nyuma yake. Muuguzi hakugeuka, mkono wa mama ulikuwa bado baridi.