Kioo Kilicholambwa na Nzi

Mpima damu wa zamani wa zahanati yetu, hapa Ifakara, amefariki. Habari nimeletewa juzi na abiria aliyetoka Lupiro, akaisema harakaharaka kama anayefikisha salamu. Sikulia. Wasomaji wangu niwaambie ukweli: mtu huyo nilimchukia miaka mingi, kisha nikachoka kumchukia.

Miaka ya hamsini, nikiwa mwanafunzi, alituruhusu tuchungulie hadubini yake. Aliiweka dirishani ili kioo cha chini kinase jua. Akatueleza kuwa lenzi iliyo karibu na damu huikuza, na iliyo karibu na jicho hukuza tena kilichokwisha kukuzwa. Niliona viduara vimesongamana, nikashangaa kwamba vyote hivyo vimo mwilini mwangu. Mwaka uleule mdogo wangu wa kike akashikwa na homa. Mpunga ulikuwa unaiva, na kwetu wakati huo kaya nzima huhamia shambani, ng'ambo ya mto, kufukuza ndege. Mama akampeleka kwanza kupimwa. Damu ikapakwa kwenye kipande cha kioo, ikaachwa ikauke. Mpimaji akachungulia, akasema, "Mama, hakuna kitu. Nendeni tu shamba."

"Kweli, baba? Mbona anatetemeka?"

"Hadubini haidanganyi, mama."

Tukavuka. Siku ya tatu mtoto alikufa kibandani, mbali na dawa yoyote. Mpimaji alikuja msibani, akamwamkia mama shikamoo, akasema mbele ya watu wote, "Niliposikia msiba nilikitazama tena kile kioo, kwa macho tu. Sikuwa nimekifunika kilipokuwa kinakauka. Nzi walikuwa wamelamba damu karibu yote. Nilikuwa na haraka, mama."

Mama akamuuliza, "Ulimshika mkono kumtoboa kidole, baba. Hukusikia joto?"

Nasikia tangu siku hiyo mpimaji hakumpima mtu kabla ya kumgusa kipaji cha uso, na wenzake walimcheka kwa hilo mpaka alipostaafu. Mimi sikuwahi kumwambia kwamba nimesikia, na hilo linaniuma leo.

Sasa tuna mitambo mikubwa kuliko ile, na ofisini kila kitu kinasomwa kwenye karatasi. Lenzi hukuza kilichowekwa mbele yake tu. Kilichokwisha kuondolewa haikijui. Wewe unayepima watu, usianze kwa kuinamia hadubini. Mtazame kwanza aliyekuja, na mama yake akikwambia mtoto anatetemeka, mwamini.