Namba Tano ya Igowole

Mabishano yalianza timu yetu ya Igowole ilipofungwa na vijana wa Iringa mjini, tena kwa mabao ya vichwa. Beki wetu wa katikati alikuwa mfupi, na wageni walimruka kama kisiki. Tangu siku hiyo wanaume walikuwa na neno moja tu: tutafute jitu, tulivishe namba tano.

Majitu yalikuwa mawili. La kwanza ni kaka yangu, mpasua kuni wa misheni, aliyeinama kila mlango aliopita. La pili ni kijana aliyetoka Idodi kuja kuchuma chai, mrefu kumzidi kaka ila mwembamba. Fundi cherehani, aliyeshona jezi za timu, alimtaka kaka. Alisema mipira ya juu inataka kifua. Karani wa mizani ya chai alimtaka yule wa Idodi. Kaka akigeuka, alisema, unaweza kwenda nyumbani kula ukarudi ukamkuta bado anageuka. Walibishana kila Jumapili nje ya kanisa, vitabu vya nyimbo bado mikononi, na mimi nikiwa nimekaa ukutani nikimsubiri kaka. Watu wazima na heshima zao, wanapima mapaja ya vijana kama wako mnadani.

Kisha akaanza kuja mtu mmoja mwenye koti la mvua. Kazi yake tuliijua sote: alikusanya vijana wa kupeleka mashamba ya mkonge, Tanga huko, na lori lake lilisimama karibu na soko. Lakini alijua mpira. Alikuwa amezunguka hadi Uyole na Mbeya, akaweza kueleza timu za huko zinavyopanga mabeki wao, basi wakamsogezea benchi. Mimi nilisikia maswali yake. Hakuuliza kama kijana anaruka. Aliuliza kama anakohoa, kama ameoa, kama baba yake yu hai. Alipolishika bega la kaka na kulibonyeza, niliogopa, na sikuweza kusema naogopa nini.

Mama yangu hakujua sana Kiswahili. Kihehe kilimtosha shambani na sokoni, na neno likimshinda aliniuliza mimi. Jumapili moja alipita pale, akamsikia fundi akisema kwa sauti kwamba kaka lazima apewe namba. Akasimama njiani. Tulipofika nyumbani akaniuliza wanataka kumpa nini mwanawe. Nikamwambia namba, nikaeleza kwamba ni nafasi tu ya uwanjani, kila mchezaji ana yake.

Hakunisikiliza. Kwake namba ilikuwa moja. Baba yetu alikwenda mkonge mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, akawa manamba, mtu wa kuitwa asubuhi kwa tarakimu na si kwa jina, akabaki hukohuko. Hatukuletewa hata blanketi lake. Na sasa yule mtu wa koti alikuwa amekaa katikati ya hao wanaogawa namba. Ungemwambia nini mama akakuelewa?

Kesho yake alikwenda kwa fundi cherehani, akapiga magoti mbele ya wateja. Fundi alicheka, akaeleza, akaeleza tena, mwishoni akaona machozi, akamwinua. Kelele zote zile, kumbe moyo wake laini. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba naye yuko upande wa karani. Walipombana aseme sababu, akasema mama wa kijana hataki. Walicheka hadi wakashikana mabega. Karani akauliza kama hilo jitu limeshaachishwa ziwa. Kaka alikuwa amesimama palepale, anasikia kila kitu. Jezi akapewa kijana wa Idodi.

Siku hiyo mama alichinja kuku. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake, akawa anaimba jikoni. Kaka hakugusa chakula. Nilitamani agombe, avunje hata chungu, lakini alikaa anaitazama mikono yake. Jioni mtu wa koti la mvua alipita mbele ya nyumba, akatusalimu kwa Kihehe chetu, kamwene, akamtabasamia kaka peke yake. Nilimchukia mtu yule. Niliurudisha mlango kabla mama hajaitikia.

Siku ya mechi kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Kaka alitoka asubuhi, tukadhani amekwenda kutazama kama wengine. Mimi na mama tulikuwa tunapalilia viazi kando ya barabara, ukungu umeshuka hadi kwenye matuta, tukasikia lori kabla ya kuliona. Lilijaa vijana waliosimama, kila mmoja na blanketi jipya begani. Kaka alikuwa nyuma, kichwa chake juu ya vichwa vyote. Lori likapunguza mwendo kwenye kona, naye akainama kidogo, kama alivyozoea kuinama mlangoni kwetu.

"Mama," alisema, "na mimi nimepata namba."

Alisema kwa Kiswahili. Mama hakuniuliza maana yake. Alibaki ameshika jembe, akiutazama ukungu pale lori lilipoingia, na kule uwanjani watu wakaanza kushangilia.