Mume Wangu Asiye na Meno ya Mbele

Ulikuwa mwaka wa posho ya njano. Vita vimekwisha, bunduki zimenyamaza, na Kampala nzima inakula unga wa njano: asubuhi uji, mchana na maharage, jioni na hasira. Ndio mwaka mume wangu alipokufa, na ndio mwaka nilipopewa mume mwingine, hana meno ya mbele.

Nieleze vizuri. Kwetu Waganda mwanamume akifa, ukoo humchagulia mrithi, na mrithi huyo ndiye marehemu mwenyewe, amerudi. Mtoto wa kwanza wa kiume haruhusiwi. Basi wazee wakamruka mwanangu mkubwa, na ndevu zake na tumbo lake, wakamchukua mjukuu wangu wa darasa la kwanza. Wakamvika vazi la gome la mti, wakamshikisha mkuki. Mkuki ukamshinda, ukaangukia sufuria ya matoke. Sisi tukapiga magoti hivyo hivyo.

"Karibu nyumbani, mume wangu," nikamwambia.

"Jaja, nataka kukojoa," mume wangu akajibu, akiniita bibi kama kawaida yake.

Tangu siku ile nyumba yetu chini ya kilima cha Kibuli ikawa yake. Marehemu alikuwa polisi. Maisha yetu yote tulihamishwa kota hii kwenda kota ile, mpaka alipochoma matofali kwa mikono yake na kujenga mahali ambapo hakuna mkubwa wa kutufukuza. Mimi niliapa kufia mle.

Mwanangu mkubwa akapata mnunuzi. Lakini bila neno la mrithi, nyumba hainunuliki. Akaja Jumamosi na suti ya mtumba ya soko la Owino na mfuko wa peremende, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Baba, nakuomba tuuze hii nyumba."

Mtoto akatoa peremende mdomoni, akaikagua. "Jaja atalala wapi?"

"Tutampeleka kijijini, Baba."

Nikatoka jikoni na mwiko wangu. "Nyumba haiuzwi. Mwenyewe bado anakojoa kitandani."

Hapo lile jitu likalia. Si machozi ya kufuta kwa leso, ni kilio cha mtoto aliyeachishwa ziwa. "Baba, wewe hukunipenda! Hata baiskeli ulimpa mdogo wangu!" Anamwambia nani? Mtu aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia! Niliuma ukingo wa gomesi, gauni langu la Kiganda, nisicheke.

Mtoto hakucheka. Alitia mkono mfukoni, akatoa nusu ya kabalagala, vile vikate vya ndizi mbivu vya kukaanga, imeshika nyuzi za kaptura. Akampa.

"Tafuna. Ukitafuna huwezi kulia. Mimi nikichapwa hufanya hivyo." Akafikiri kidogo. "Nakupenda. Baiskeli tutatafuta."

Mwanangu akala, nyuzi na yote. Maneno hayo aliyangoja kwa polisi yule mkali tangu hajaota ndevu. Akanywa maji, akaaga, na mnunuzi hatukumwona tena. Kuanzia hapo kila Jumamosi alileta kabalagala, akakaa na baba yake mlangoni wakibishana habari za mpira.

Watu hudhani moyo hukomaa pamoja na mwili, kama ndizi kwenye mkungu. Uongo. Mwanangu alikuwa na watoto wake nyumbani, na moyo wake bado unatambaa. Na moyo ukisimama leo, msiushangilie sana. Kesho mtaukuta chini tena.

Maana mume wangu sasa ana meno yote, ana mke, ana gari na simu mbili. Jumamosi iliyopita akaniletea mtu wa kununua hapa ajenge ghorofa.

"Jaja, hayo matofali yamezeeka. Na mimi sasa ni mtu mzima, naamua."

Nikaendelea kumimina chai. Hilo likamchoma. Akapandisha sauti, akapiga meza, chai ikamwagika, mdomo ukaanza kumtetemeka kama siku ile ya mkuki. Mwanangu mkubwa, mvi mpaka kwenye nyusi, akafungua mfuko wake wa Jumamosi. Akakata kabalagala, akamsukumia nusu.

"Tafuna, Baba."

Akatafuna. Nyumba ikatulia. Mtu wa ghorofa alitutazama mmoja mmoja, kisha akanigeukia mimi.

"Sasa, mama, tunasemaje?"

"Nyumba haiuzwi. Mwenyewe bado anakojoa kitandani."